Toa Miguu Kwa Beseni

Mpendwa Ajwang, mtoto wa dada yangu,

Sisi huku Luanda Kotieno tuko wazima. Juzi nilivua mbuta mkubwa hata feri ikampisha.

Mama yako amenipigia simu kwamba unasoma miguu ikiwa kwa beseni la maji baridi ili usisinzie, na Jumatatu ulizimia darasani. Ajwang, hiyo dawa naijua. Mimi nilisomea ziwani, maji magotini, mpaka kiboko akaja kusikiliza. Yeye ndiye aliyeshika hesabu, si mimi.

Toa miguu, mama. Kula, lala, usome asubuhi kichwa kikiwa chepesi.

Jumamosi nakuja na samaki ngege wa kukaanga. Nitaketi mlangoni ulale, na hilo beseni tutaoshea sahani.

Mjomba wako, ambaye haogopi kiboko lakini aliogopa simu ile,
Odongo