Mzinga Namba Tatu

Jumatatu, 9 Machi
Maji kwanza, mitungi minne. Kisha nikazunguka shamba nikigonga mizinga kumi inayoning'inia kwenye waya. Mitupu yote. Tulipewa na mradi wa wanyamapori ili nyuki watufukuzie ndovu, lakini ukame ukawafukuza nyuki kwanza. Binti yangu Wakesho yuko nyumbani wiki ya tatu sasa, kwa sababu ya karo. Kidato cha tatu, anasoma madaftari ya mwaka jana. Majibu ya basari, ule msaada wa karo, yanabandikwa kesho, ofisi ya wadi, Voi.

Jumanne, 10 Machi
Tumenyimwa. Mbele ya jina la Wakesho wameandika: "Mzazi ana mradi." Mradi gani? Karani alinyoosha kalamu ukutani. Kalenda ya kikundi chetu cha nyuki. Mimi hapo, nimeshika chupa ya asali, meno yote nje. Picha ya miaka minne iliyopita, na chupa yenyewe ilikuwa ya mwenyekiti. Nilipewa nishike tu. Nimeona aibu kama mwizi.
Karani si mtu mbaya. Amenieleza: andika barua ya rufaa, ambatanisha ya chifu na ya shule, lete ndani ya siku kumi na nne. Halafu mtu wa kamati atakuja kuona mizinga kwa macho yake.

Jumatatu, 16 Machi
Barua ya chifu nimeipata safari ya tatu. Mara yuko mkutanoni, mara muhuri umefungiwa kabatini. Shule wameandika kwamba ni mwanafunzi mzuri, asaidiwe arudi. Na ni wao waliomtuma nyumbani! Nimepeleka zote. Nakala yangu imegongwa muhuri, nimeikunja ndani ya Biblia. Mkaguzi atakuja Jumatano ya wiki ijayo.

Alhamisi, 19 Machi
Mvua. Tumepanda pojo hadi jioni. Baba Wakesho ameimba.

Jumapili, 22 Machi
Tumetoka kanisani tukakuta mzinga namba tatu unavuma. Nyuki. Miaka miwili nimewaombea, wamekuja siku tatu kabla ya mkaguzi. Nimelia, na si kwa furaha. Nyuki wa siku moja hawana hata kijiko cha asali, lakini nani ataniamini na kalenda ile iko ukutani? Baba Wakesho anasema tuwafukize. Wakiondoka, ndovu watakula pojo. Wakibaki, Wakesho atabaki nao. Nimemkasirikia kila mtu, hata Mungu kidogo.

Jumanne, 24 Machi
Tumewafukiza. Kopo la moshi nilishika mwenyewe, nisije nikamlaumu mtu baadaye. Walitulia kidogo kwenye mgunga, kisha wakaelekea upande wa Kasigau. Wakesho alikuwa mlangoni.
"Mama, si ungewaacha tu?"
Nimeumwa mkono, umevimba. Nastahili.

Jumatano, 25 Machi
Nimefagia uwanja, nimepika chai, nimevaa lile gauni la kanisani. Saa saba simu ikalia. Mkaguzi hana gari.
"Usijali, mama. Nitumie picha tu. Simama kando ya mzinga mmoja, ufungue kifuniko."
Mmoja. Wowote. Mitupu tisa ilikuwepo siku zote.
Wakesho alipiga picha. Aliniambia nisogee kushoto, jua linapiga. Safari hii sikutabasamu.

Jumatatu, 27 Aprili
Rufaa ilikubaliwa. Wakesho ameondoka asubuhi kwa bodaboda, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira. Alinikumbatia sana. Nimefurahi, nisijidanganye.
Pojo zimetoa maua. Nyayo za ndovu zimefika hadi kwenye waya, upande wa mzinga namba tatu. Bado hawajaingia. Nimekaza waya, nikaweka sikio kwenye mzinga, nikasikiliza kwa muda. Hauvumi. Kisha nikachukua mitungi nikaenda kuchota maji.