Kiti cha Mbele kwenye Kikao cha Wazazi

Jumanne, 20 Januari

Goba hii bila mie hakuna kikao kinachokaa. Waziri mmoja, jina namhifadhia, aliwahi kusimamisha msafara aniulize njia ya Kunduchi. Nikampa njia na sera ya elimu juu yake. Darasa la saba langu ni la zamani — sawa na digrii ya sasa.

Jioni dada Mwajabu kaja na binti yake, Najat. Shule inataka kipindi cha dini kiende Jumamosi. Saa yake ya Jumatano iwe tuisheni, ya kulipia. Asiyelipa akae nje. Jumamosi Najat yuko Kunduchi na mama yake, wanapara samaki za watu. Kwa hiyo tuisheni hapati, dini hapati. Na ustadhi Suhaib ndiye mwalimu pekee pale anayemwita kwa jina.

Dada kasema baba wa mtoto angekuwa hai asingenisumbua, ila mie ndiye mwenye mdomo. Nikamwambia Najat, Alhamisi kwenye kikao cha wazazi watanisikia mpaka Mbezi Beach.

Jumatano, 21

Kanzu nimepiga pasi. Hotuba nimeifanyia mazoezi bafuni — usawa, katiba, Mungu.

Jirani Flaviana kasikia. "Nisemee na Loveness wangu, jirani. Katekista wetu naye huja Jumatano hiyohiyo." Nikamwambia nasemea dini zote, bei moja. Hakucheka.

Alhamisi, 22

Kikao kimekwisha. Kipindi kimehamishwa.

Nimekula wali.

Ijumaa, 23

Msikitini nimetoka upesi, Suhaib asinifikie. Sisikii kitu. Si hasira, si nini. Kama fizi iliyopigwa ganzi.

Jana ilikuwa hivi. Wazazi wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Revelian, mwenyekiti wa kamati, yule mwenye ghorofa pale mteremkoni, akaiona kanzu. "Mzee wetu apewe kiti, aje huku mbele." Kiti cha plastiki, chenye mikono, ubavuni kwake. Na maji ya chupa.

Akaongea. Dini haipandishi ufaulu. Anayetaka mwanawe afaulu achangie, asiyeweza asiwavute wenzake.

Flaviana kule nyuma: "Kumbe masikini siku za kazi hana hata Mungu." Watu wakacheka. Revelian naye akacheka, halafu akasema tumsikie mzee wetu.

Nikasimama.

Jumamosi, 24

Asubuhi Najat kapita na ndoo, mama yake katangulia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Ulisema?"

Nikamwambia nilisema sana, ila wenye nazo walituzidi mikono.

"Najua. Nimeshamwambia ustadhi ulivyotupigania. Anakuja leo kukushukuru."

Akaenda na ndoo yake.

Flaviana anafua hapo nje. Alikuwepo kikaoni. Tangu juzi hajaniambia neno, anasuuza tu.

Sasa kuna mtu anapiga hodi uani. Sauti ya Suhaib. Anauliza mzee Marijani yupo. Flaviana kaacha kusuuza. Kamjibu, "Yupo. Ingia umuulize mwenyewe alichosema."

Nilisema, "Naunga mkono alichosema mwenyekiti." Basi. Nikakaa. Hotuba nilikuwa nayo yote kichwani, hata neno moja halikupotea. Ila kiti kilikuwa kizuri, nikaogopa watakichukua.