Kaliba ya Bega Langu

Baba Neema wangu,

Leo asubuhi nimechagua bunduki. Nimeona nikueleze wewe kwanza, kabla mdogo wako hajafika kwenu Igawa na kuanza kuwatangazia watu kwamba kifo chako kimenichanganya akili. Hakijanichanganya. Afadhali kingenichanganya, ningejua kuna kitu kimenifika.

Tangu ule mchana ulipoanguka kwenye duka lako la vipuri, mkononi bado umeshika chujio la mafuta la lori la mtu, mimi nina ganzi. Sina neno jingine. Sikulia msibani, sikulia makaburini, wala siku tuliyoanua matanga. Wenzangu wa kwaya waliimba ule wimbo tunaowaimbia wafiwa wote, nami nikajikuta namtafuta anayekosea sauti ya tatu. Wakati wanakushusha kaburini nilikuwa nawaza kama mchele wa wageni umeoshwa. Juzi nimeipua sufuria ya moto kwa mikono mitupu, nikaitua mezani taratibu, na malengelenge nimeyaona jioni. Neema alinipaka dawa huku ananitazama usoni. Ananiogopa, maskini.

Sasa habari ya bunduki. Baada ya mazishi bunduki zako zilipelekwa polisi, zote mbili, kama inavyotakiwa mwenye leseni akifariki. Afande wa pale ni kijana mstaarabu. Akatuambia familia inaweza kuomba kumilikishwa, ila akatushauri tuombe moja, na aombe mtu mmoja. Basi kikao kikakaa sebuleni kwako, chai ikanywewa, wakakubaliana niombe mimi, kwa kuwa mimi ndiye uliyenifundisha. Wakakubaliana pia kwamba niombe ile ndogo, ishirini na mbili, ya shabaha.

"Shemeji, chukua ndogo," mdogo wako akasema. "Haina kelele, haina teke. Hii kubwa ni ya kuwindia, na wewe porini unafuata nini?"

Neema akasema tuziache zote hukohuko polisi, nyumba imeshakuwa na huzuni ya kutosha. Mimi nikasema nitafikiri. Nilichokuwa nafikiria hasa ni kwamba kitu pekee chako ambacho bado kinaweza kunishtua ni mojawapo ya hizo bunduki, na nikikosea kuchagua nitabaki hivi nilivyo, gogo linalopika na kufagia, mpaka siku zangu ziishe.

Unakumbuka ulivyohangaika kuinunua ile kubwa? Ulikuwa umerithi kwa baba yako hamu ya kuwinda, ila si gobore lake la kulindia mpunga, lile lililokuwa linalipuka pale linapojisikia. Ulitaka bunduki ya leseni, ya kisasa. Tatizo likawa kaliba. Kwa miezi mizima nyumba hii haikusikia neno jingine. Ulinichorea matundu ya mitutu kwenye unga wa ngano, nikiwa nakanda maandazi, ukanieleza kwamba kaliba ni upana wa hilo tundu tu, na dunia nzima inagombana juu yake. Wateja wako wenye malori walikuambia ununue tatu saba tano, maana nyati hana mzaha. Mdogo wako alisema chini ya hapo ni bunduki ya kike. Wewe ukasema hutaki nyati, unataka swala na pofu, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe, na Jumamosi unataka kwenda uwanja wa shabaha upige mpaka uchoke, na bado Jumapili uweze kuinua mkono kanisani. Ulitaka bunduki moja ifanye yote.

Tukaenda Dar, kibali mfukoni, mimi nimevaa kitenge changu kipya cha kwaya kana kwamba tunaenda kuposa. Duka lile lilikuwa na baridi ya mashine na kimya cha hospitali. Ulikuwa umeshaongea na mzee muuzaji kwa simu kwamba tunakuja. Tulipoingia hakuinua hata uso, alikuwa anafuta miwani yake. Akauliza neno moja tu.

"Kaliba?"

Na mimi, binti wa Ipogolo, niliyekulia nyumba ambayo herufi ya ra haijawahi kukanyaga, nikapiga goti kama nilivyofundwa, nikaitikia: "Asante baba, tumeshakaribia." Nikavuta kiti, nikakaa.

Mzee aliishusha ile miwani. Akanitazama, akakutazama. Wewe ulikuwa umegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Nilidhani umepatwa na kitu.

Nimpe mzee yule haki yake, hakucheka. Alisema tu, "Karibu sana mama," kwa ra ya Pwani iliyonyooka, kisha akakuuliza unataka kuwinda nini. Ukasema kila kitu isipokuwa nyati. Na shabaha? Ukasema na shabaha pia. Akasema, "Wewe unataka mke mmoja alime, apike na aimbe kwaya." Nikamjibu nikiwa kwenye kiti changu kwamba wapo. Ndipo akacheka, akaingia ndani, akatoka na tatu sufuri nane. Akakueleza kwamba risasi yake inakwenda mbali bila kuyumba, pofu anaangushwa nayo mpigaji akiwa na subira, na bega halichakai kwa siku moja. Ukamwambia watu watasema ni ndogo. Akasema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Hapo ukawa umenunua.

Ulicheka njia nzima. Ulicheka Morogoro, ukacheka Mikumi, ukacheka tunapanda Kitonga nyuma ya lori linalokohoa. Tukapita Ipogolo kumsalimu mama, na kabla hata hujaketi ukaanza kumsimulia: muuzaji kauliza kaliba, binti yako kajibu asante tumeshakaribia. Mama alikusikiliza mpaka mwisho, ametulia, mikono mapajani. Kisha akasema, "Sasa mwanangu amekosea nini? Mtu akikukalibisha, si unashukulu?"

Ulilazimika kutoka nje. Ulikaa kwenye tofali pale uani, unajifuta machozi, na mama akaniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu ni mzima.

Kuanzia hapo nyumba hii ikaacha kusema karibu. Ukirudi kutoka dukani nilikuwa nafungua mlango nasema, "Kaliba?" nawe unapiga goti na suruali yako ya grisi, "Asante, nimeshakaribia." Neema alivyoanza shule, mwalimu wake alipokuja hapa nyumbani alimkaribisha hivyohivyo, na tulishindwa kumweleza mwalimu. Wageni walituona hatuna adabu au hatujui Kiswahili. Vyote viwili vilikuwa na ukweli.

Hukuwa mwindaji wa kusifiwa, nikuambie sasa ambapo huwezi kubisha. Msimu wa leseni ukifika ulikwenda kwa furaha na mara nyingi ulirudi na vumbi tu. Wenzako walileta nyama, wewe ulileta maelezo. "Alikuwa amegeuka," ulisema. "Nilimwona bega kidogo tu, nikamwacha." Ulishika sana lile jambo, kwamba mnyama uliyemjeruhi ukamkosa atakufuata mpaka kitandani, na kwamba kaliba kubwa haimsaidii mtu mwenye haraka. Mdogo wako alikuwa anakutania kwamba unakwenda porini kuwahesabu tu. Lakini pofu yule mmoja, risasi moja, tulimla mtaa mzima hapa Uyole, na mchungaji alirudi mara ya pili na bakuli lenye mfuniko.

Mimi ukanipeleka kwenye shabaha. Nilikuwa nimekuambia nataka kujua hicho kinachokufanya unune njiani kwenda na ucheke njiani kurudi. Ukanilaza kifudifudi kwenye turubai, ukaniwekea ile kubwa. "Kitako kikumbatie begani," ukasema. "Ukiiachia nafasi, inakuja na teke." Nikaiogopa, nikaiachia nafasi. Sikumbuki mlio. Nakumbuka nimeona nyota mchana, na bega likawa la zambarau kwa muda mrefu kuliko nilivyokiri kwa mama. Ulinikanda jioni ile kwa maji ya chumvi na kitambaa, hukucheka kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuambia sirudi. Wiki iliyofuata nikarudi.

Ndipo ukaninunulia ndogo. Na ndogo niliiweza, tena kuliko wewe, ukubali usikubali. Doa jeusi la katikati ya karatasi nilikuwa nalitoboa mpaka msimamizi wa uwanja anaita wenzake waje kuona. Lakini Baba Neema, kuna jambo sikukuambia kwa sababu ulikuwa unajivuna sana. Ile ndogo sikuwa naisikia. Inasema ta, kama mtu anavunja kijiti, na karatasi inatoboka kule, na mwilini hakuna habari. Nilikuwa napiga vizuri kwa sababu haikunihusu. Kila ukienda kunywa soda nilikuwa namwomba msimamizi niilalie ile kubwa, mara moja tu, nimeikumbatia kama ulivyosema.

Kuna Jumapili moja tulikuwa uani tunamenya viazi, na mtu redioni akasema habari za kiongozi wa kaliba ya juu. Nikakuuliza, mimi ni mke wa kaliba gani? Nilitegemea upuuzi. Ukaendelea kumenya, ukalifikiria kweli, kama ulivyokuwa unafikiria bunduki.

"Tatu sufuri nane," ukasema. "Nyati humwezi. Lakini ukishampita mtu, bega linakukumbuka."

Nilikurushia ganda la kiazi. Lilinata kwenye paji lako la uso na hukulitoa, uliendelea kumenya nalo.

Basi leo. Tumekwenda mimi na mdogo wako, amevaa koti lako la buluu, nilimpa mwenyewe. Njiani alinikumbusha kwa upole, mara mbili tatu: ndogo, shemeji, ndogo. Nikaitikia. Sikuwa na ubishi, hata ubishi unataka nguvu. Tukaingia ofisini kwa yule afande. Alikuwa amechelewa, ana simu sikioni, akakata, akavuta kalamu, na bila kuinua uso akauliza.

"Kaliba?"

Goti likapigwa kabla sijalituma. Mdomo ukasema, "Asante, nimeshakaribia."

Mdogo wako alitazama viatu vyake. Afande akaniambia kwa huruma, kama anavyoambiwa mgonjwa, "Mama, nimeuliza kaliba. Kaliba ya hiyo bunduki mnayoiomba."

Nami nikageuka upande wa ukutani kukutazama ukicheka.

Palikuwa na ukuta, Baba Neema. Rangi ya krimu, na chini rangi ya kahawia. Niliutazama mpaka mdogo wako akanishika kiwiko. Nilikuwa nangoja mabega yako yaanze kutikisika. Msiba mzima watu wameniambia umekwenda, na mchungaji ameniambia, na nimekuona mwenyewe kwenye jeneza umevaa suti ambayo hukuipenda. Hakuna aliyeweza kunieleza kama ule ukuta ulivyonieleza.

Nikamwambia afande, "Tatu sufuri nane."

"Shemeji," mdogo wako akaninong'oneza, "hiyo ndiyo kubwa."

"Naijua."

"Itakuumiza."

Nikamwambia najua pia. Afande akatutazama, akangoja kuona kama tutagombana, kisha akaandika. Amesema maombi huchukua muda na huenda yasikubaliwe. Nimemwambia nitangoja. Porini siendi. Sina ugomvi na swala yeyote. Wakinikubalia nitakwenda uwanjani, nitailalia, nitaikumbatia, na siku nyingine, mdogo wako asisikie, nitaiachia nafasi kidogo.

Tuliporudi Neema ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa ametoka kufunga hesabu za duka lako, ana grisi kwenye kidole, sijui anaigusa nini huko wakati kuna mafundi. Akasema, "Karibu, mama." Karibu, na ra yake yote, kwa ajili ya msiba, amekuwa akisema hivyo tangu tulipokuzika ili asinitoneshe. Nikasimama pale kizingitini nisiingie. Akaniangalia, akaanza upya.

"Kaliba?"

Sikulia, usije ukasikia vingine kutoka Igawa. Nilipiga goti nikaitikia, nikapita jikoni, nikabandika maharage. Lakini sasa ninapokuandikia nimeishika kalamu kwa shida. Ni bega la kulia, palepale pa zambarau. Bunduki iko polisi, sijaigusa tangu ufe, na bega linauma toka asubuhi. Nimelikanda kwa maji ya chumvi na halijatulia. Sitaki litulie.

Lala, mume wangu. Bega linakukumbuka.

Mkeo wa kaliba ileile,
Mama Neema