Bango Jekundu Uani Kwako

Mpendwa mdogo wangu Bahati,

Nimeweka karatasi sita za kura mezani hapa Spånga, Uswidi, na mtu pekee ninayetaka kumweleza kwa nini ni sita ni wewe. Lakini acha nianzie mbali. Unanijua, siwezi kueleza jambo kwa kulianzia katikati.

Unakumbuka siku uliyonipokea katika mji wenu mdogo kule Marekani? Ulikuwa msimu wa uchaguzi, wewe umeshapiga kura ya mapema, na karibu kila nyumba ilikuwa na bango la mgombea limepigiliwa kwenye majani ya uani. Nilipoona mengi ni mekundu, nilifurahi. "Mdogo wangu, umeangukia pazuri! Mji mzima ni wa chama cha wafanyakazi." Ulicheka mpaka ukashika uzio wa watu. "Kaka, hiyo nyekundu ya wafanyakazi iache hukohuko Uswidi. Hapa ni kinyume: wafanyakazi ni bluu, nyekundu ni ya wahafidhina."

Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, wewe ndiye uliyekuwa mwalimu, na mimi, mwalimu wa shule, nikawa mwanafunzi. Ulinionyesha nyumba za mbao karibu na kiwanda cha nyama, ambako mabango yalikuwa machache kwa sababu majirani wengi, wakiwemo wenzetu wa Uvira na Bukavu, hawakuwa bado raia. Ukanionyesha mtaa wa wazee waliowahi kugoma pamoja kiwandani na kupigia bluu maisha yao yote, na uani kwa watoto wao, nyumba ya pili tu, nyekundu. "Hawagombani?" nikakuuliza. Ukasema, "Wanagombana Jumanne ya kura. Jumapili wanakula pamoja."

Natamani tungeishia pale, kwenye kona ile, mikono yetu mifukoni.

Tulipofika kwako nikaliona. Bango jekundu, uani kwako. Shemeji alikuwa ameandaa ugali na sombe, kisamvu cha kwetu, hata ndagala, dagaa wa ziwa letu, alikuwa amezipata, nami nikakaa mezani kama mkaguzi wa shule.

"Wewe, mtu uliyelala kambi ya wakimbizi miaka tisa, unawezaje kuweka bango la wasiotaka wakimbizi?"

"Kaka, kula kwanza."

"Umempigia nani?"

Ukanieleza taratibu. Jirani yako, mzee Dale, alibisha hodi akaomba nafasi ya kupigilia bango, kwa kuwa kona yako inaonekana vizuri barabarani. Dale ndiye aliyempeleka shemeji hospitali kwenye theluji, siku ya kuzaliwa kwa binti yenu, wakati gari lako lilipokataa kuwaka. Ungemkatalia vipi? "Bango ni la Dale," ukasema, "uwanja ni wangu, na kura ni yangu. Mji huu mzima hakuna aliyeniuliza nimempigia nani. Hata Dale mwenyewe. Wewe ndiye wa kwanza."

Niliuliza tena. Ukasukuma sahani. "Basi, Mwalimu, nipe sifuri yangu tumalize." Tangu utotoni hukuwahi kuniita Mwalimu ila ukiwa na hasira. Nilibadilisha tiketi nikaondoka kabla ya siku zangu, na mwaka wa pili sasa sijasikia sauti yako.

Sasa sikia. Mwaka huu nasi tulikuwa na uchaguzi, na kanisa letu la Vårby gård likaniomba niwafundishe wenzetu utaratibu. Huku kila chama kina karatasi yake. Niliwaambia: chukua karatasi ya kila chama, ingia nyuma ya kizuizi, tia moja tu kwenye bahasha, zilizobaki rudi nazo nyumbani, hivyo hata jirani aliye nyuma yako hatajua. Mama mmoja wa Uvira, anayependa utani, akauliza, "Na wewe, Mwalimu, unampigia nani?" Nikamjibu haraka, "Mama, hilo haliulizwi." Watu wakacheka, naye akapiga makofi. Mimi nilibaki nimeshika chaki, nikiona sahani yako ikisukumwa.

Siku yenyewe nilivaa suti. Vyama vikubwa ni vinane, nikachukua karatasi nane za njano, zile za bunge, nikatia moja kwenye bahasha, nikatoka nimenyoosha mgongo. Nyumbani nikazipanga mezani. Zilitakiwa kubaki saba. Nimezihesabu mara nne, Bahati. Sita. Karatasi zenyewe ni nyembamba. Mbili ziligandana, na vyama viwili ndani ya bahasha moja ni kura iliyoharibika. Mwalimu mzima wa kupiga kura.

Kanisani sijamwambia mtu. Si aibu tu. Ni kwamba hakuna anayejua kunicheka. Siku niliyoanguka na baiskeli mbele ya wanafunzi wangu, madaftari yakatapakaa tope, watu wazima waliinamisha macho kwa heshima, na wewe, mtoto wa darasa la tatu, ukacheka hadi ukalia, kisha ukayaokota yote na kuyafuta kwa shati lako. Kicheko hicho ndicho ninachokitafuta kila simu inapolia, na kila mara ni mtu mwingine.

Sitakuuliza tena ulimpigia nani. Sikustahili kukuuliza hata mara ya kwanza. Msalimie shemeji, umwambie sombe yake niliiacha nusu na bado naijutia. Msalimie na Dale.

Namba yangu ni ileile. Piga, unipe sifuri yangu.

Kaka yako