Tui Zito la Bi Zuhura

Baba, shikamoo. Poleni na baridi ya Upareni. Huku Temeke jasho linatutoka hata tukiwa tumekaa.

Picha ya kadi hii ni ya mjini, kwa wakubwa. Mimi na mume wangu tumepanga chumba huku kwenye minazi, kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu, mpishi hodari wa samaki. Uliniagiza nisirudi bila kumshuhudia mtu habari za Yesu, na tangu tufike maneno yalikuwa yananiwasha mdomoni.

Jana nilimwomba anifundishe mchuzi wa nazi. Nikakuna, nikakamua, nikalimimina tui zito lote mwanzoni, moto unawaka. Likakatika, mafuta huku, maji kule! Bi Zuhura akacheka mpaka akashika kiuno. “Mwanangu, haraka ya nini? Anza na tui jepesi. Hilo zito utatia mwisho, samaki akishaiva na moto umepungua.”

Tukaanza upya. Nikawa nakoroga, nikiimba taratibu ule wimbo wetu wa asubuhi. Akavuta kibao, akakaa karibu. “Huyo unayemwimbia kila siku, amekufanyia nini?”

Baba, sikuhubiri. Nilimweleza tu alivyonishikilia siku tulipomzika mwanetu. Machozi yalimlengalenga. Kisha akavuta kuni mbili nje ya moto, akanipa bakuli la tui zito. “Sasa mimina.”

Usiwe na wasiwasi, Baba. Saa ni ya Bwana, nami naiona inakuja. Leo Bi Zuhura kaniita tena jikoni.

Mkumbatie mama, umwambie mchuzi haukukatika.

Binti yako,
Nakijwa