Kuku wa Nyongeza

Kasyoka wangu,

Uko poa huko Eldoret? Sisi hapa Mashimoni tuko. Mama yako bado anauza mboga Kawangware, na mguu wake umepata nafuu.

Unauliza umwambie nini bosi, maana amekuongezea mshahara lakini unga na kodi ya nyumba vimepanda zaidi. Nikiwa kijana niliongezewa pia, kwenye kiwanda cha sabuni. Kwetu Kitui mtu akikufanyia wema unampelekea kuku. Nikamchukua yule wa nyanya yako, aliyekuwa akitaga kwenye boksi chini ya kitanda, nikampa bosi kwa mikono miwili.

Kufika Pasaka, ile nyongeza haikutosha hata sukari. Nikarudi kuomba. Bosi akacheka: "Mutua, si ni wewe uliniletea kuku ukishukuru?" Nikarudi kazini, na sikuomba tena.

Sikukatazi kushukuru. Lakini ukishashukuru, mtajie pia bei ya unga.

Nyanya yako hakuwahi kuniuliza kuku wake alikwenda wapi. Tulipomzika nilifagia chini ya kitanda, nikakuta lile boksi, bado limetandikwa nyasi.

Ni mimi babu yako,
Mutua