Nilisifu Kitabu Nisichokisoma

Maiken, nimejifungia stoo hapa duka la vitabu. Nimeumbuka!

Unakumbuka kile kitabu cha ubongo nilichokibandikia kadi ya kuwapendekezea wateja, "Kinafariji sana"? Sijawahi hata kukifungua!

Bi Ragnhild alikinunua, akawa anamsomea mumewe Torleif, anayepoteza kumbukumbu. Leo kaja, kasimama mlangoni na mkongojo wake, sina pa kupita.

"Mwanangu, kinafariji wapi? Kinasema mtu akisahau kila kitu, hayupo tena. Torleif alilia."

Alilia, Maiken! ALILIA.

Nikakiri. "Sijakisoma, mama."

Nikangoja matusi. Akanirudishia kitabu tu.

"Kisome chote. Alhamisi uje nyumbani, umwambie Torleif mwenyewe kama yupo au hayupo."

Nikaitikia.

Kashaondoka. Niko ukurasa wa tatu.